Mtoto Akilia, Sanduku Limezima

Tarehe 3 Februari

Mwanangu fundi,

Anayeandika ni Karani, anayesema ni mimi mama yako, usije ukachanganya. Karani unamjua, huyu jirani yangu wa ukuta mmoja aliyestaafu mahakamani. Miaka yote aliandika maneno ya wezi, leo anaandika yangu. Alitaka tuanze na "natumaini barua hii itakukuta mzima." Nimemwambia futa. Mimi sina la kutumaini, nina la kusema. Na simu sitaki. Kwenye simu nikikukaba kidogo tu unaanza, "Mama mtandao, Mama sikusikii," tii, umenikata. Barua huwezi kuikata. Itakaa hapo ikukodolee macho.

Juzi alipita Breki, yule dereva wa lori la saruji niliyempa sweta amletee mume wangu. Mume wangu ni mwanao. Karani hapa ameinua kalamu ananishangaa, nimemwambia we andika, mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume, tena huyu wangu hana hata makelele. Basi Breki akakaa kwenye ngazi yangu, nikampa maji, akanywa, akaomba mengine, halafu nyonga yangu ikaanza, hii ya kushoto, maana mvua ilikuwa inakuja, na ile dawa ya kuchua uliyonitumia haifai kitu, inanuka tu, hata paka amehama. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Breki.

Breki anasema aliingia kwenye hicho chumba chako cha mbele mnachokiita karakana, akakuta masanduku matano yanawaka kwa mpigo. Najua siku hizi televisheni ni bapa kama sinia. Kwangu ni masanduku. Kila moja linasema lake. Na mbele yao mume wangu ameketishwa juu ya debe la rangi lenye mto, mdomo wazi, mate yanamtiririka. Breki akampigia mluzi. Kimya. Akapiga chafya, na chafya ya Breki unaijua, huku kwetu kuku hukimbia. Mtoto hakugeuka. Akamwekea sweta mapajani, sweta niliyoifuma kwa vidole hivi visivyokunjika, mtoto hakuitazama. Breki akasimama mbele yake ili amwone vizuri usoni, mtoto akamsogeza kwa mkono, kama mtu anavyosogeza pazia.

Dereva wa lori! Mtu ana tumbo kama lile, anasogezwa kama pazia!

Sasa nijibu. Mimi sijui kusoma hata jina langu, lakini mtoto namsoma. Nimekuwa yaya miaka thelathini na kitu, nimeshika matako ya watoto ambao leo ni madaktari. Mume wangu ana mwaka na miezi saba. Akitaka kitu, anakuonyesha kwa kidole? Akiokota kifuniko cha chupa, anakuletea na wewe ukione? Ukimwita, anageuka? Matatu tu. Usinijibu habari za hali ya hewa.

Mimi mama yako,
kwa mkono wa Karani.

&nbsp;

Tarehe 15 Februari

Shikamoo Mama,

Barua imefika, na nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Sisi wazima. Huyo Breki wako mwambie apeleke saruji, habari za watoto aziache kwa wenye watoto.

Mama, dunia imebadilika. Mke wangu anatoka alfajiri kwenda kiwandani kushona vifungo vya mashati, anarudi jioni. Mtoto nabaki naye mimi, na kazi haisimami. Wanaume wangapi unaowajua wanakaa na mtoto kutwa? Na huyu mtoto hana shida. Hazururi, hali mchanga, haingizi vidole kwenye umeme. Ametulia kama mzee wa baraza. Wateja wanamsifu.

Tena nikueleze jambo utacheka. Televisheni nikishaitengeneza lazima niiache iwake saa nyingi, maana ubovu mwingine haujionyeshi mpaka chombo kipate joto. Zamani nilikuwa nainuka kila dakika kuja kuchungulia. Sasa nakaa zangu chumba cha nyuma nalehemu kwa amani, mtoto yuko mbele na zile zinazojaribiwa. Moja ikizima, analia. Mtoto akilia, najua sanduku limezima, naenda moja kwa moja. Hajawahi kukosea hata siku moja. Mafundi wenzangu wananionea wivu.

Na si kwamba hajui kitu. Tangazo la sabuni likianza anapiga makofi kabla hata povu halijatokea. Kusema atasema. Watoto wa kiume huchelewa. Si wewe mwenyewe husimulia kwamba mimi nilifika miaka mitatu bila kutamka la maana? Na leo mbona nasema?

Maswali yako ya kidole sikuyaelewa, yamekaa kipolisi.

Mwanao,
Fundi.

&nbsp;

Tarehe 22 Februari

We fundi,

Karani alipofika pale pa kilio alivua miwani akaipangusa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena, labda miwani yako ina ukungu. Hapana, imeandikwa hivyo hivyo, kwa mkono wa mtu niliyemzaa mimi, kwamba amechukua mtoto akamfanya kengele.

Utacheka, unaniambia. Haya, nimecheka, meno yangu manne yote nimeyatoa. Mwanaume mzima, una ndevu, una kibao nje kimeandikwa fundi, unafuga mtoto akulindie masanduku! Paka angekushinda. Paka akizaa, wanawe anawafundisha kukamata panya, hawaketishi mbele ya tundu walie panya akipita. Na wateja wanakusifia. Wateja watamsifu mtoto wako mpaka ageuke jiwe, wao wamefuata televisheni zao, watamsifu hata debe la rangi.

Eti ametulia kama mzee. Mtoto wa mwaka na nusu akitulia kama mzee, mtu mwenye akili humpima homa. Kazi ya mtoto ni kuzurura! Ale mchanga, akutemee, aangushe kijiko mara arobaini akutazame kama utaokota. Kile kijiko ndicho shule yake, wewe juha. Anauliza: nikifanya hivi, wewe utafanyaje? Sanduku litamwokotea kijiko?

Ngoja nikufundishe bure. Kwa mhandisi pale, yule niliyelea wanawe watatu, nilikuwa namenya viazi na mtoto yupo kwenye beseni kavu pembeni. Namwambia, "Hiki nini? Kiazi." Halafu nangoja. Siku ya kwanza anakupa povu la mate. Unapokea, unamwambia, "Kumbe!" Kesho anakupa "ki." Unapokea. Mtoto unampa neno halafu unangoja akupe lake, kama watu wawili wanaosukumiana bembea. Wote watatu walisema kabla ya mwaka na nusu, kwa mdomo wangu huu, na yule wa katikati leo ni wakili, anasema mpaka analipwa. Sasa sanduku lenu hilo linangoja? Halingoji. Linasema, linasema, linasema, halina haja ya kujua kama aliye mbele yake ni mtoto au gunia, mwenyewe linajifurahisha kwa kusikia sauti yake.

Karani amekohoa hapa. Nimemuuliza unakohoa nini, anasema vumbi.

Ulipovunja ile redio yetu una miaka sita, ukaitandaza sakafuni vipande vipande, nilicheka nikawaambia majirani, huyu atakuwa fundi. Mpaka leo nawasimulia watu. Ningejua ufundi wenyewe ndio huu ningekupeleka ukauze mkaa.

Zima hayo mavitu.

Mama yako.

&nbsp;

Tarehe 2 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Nakuandikia wakati wa mapumziko, hapa kiwandani. Nisamehe karatasi, hii ni kadibodi tunayoiweka ndani ya mashati yasikunjike.

Nilimpeleka mtoto kliniki Alhamisi. Baba yake alikuja pia. Nesi alimwita mtoto jina lake mara nne, hakugeuka. Nikasema labda masikio. Nesi akachukua simu yake akaweka ule wimbo wa tangazo la sabuni, akiwa nyuma ya mlango, tena kwa sauti ndogo. Mtoto akageuka upesi na kupiga makofi. Nesi akasema masikio yake mazima. Akauliza ana maneno mangapi. Nikasema hana. Akauliza anaonyesha vitu kwa kidole? Nilikumbuka barua yako, Mama. Nikasema hapana.

Akauliza anaangalia televisheni saa ngapi kwa siku. Mwanao akajibu haraka, "Kama saa moja." Nesi akaandika saa moja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu.

Nesi akasema wakati mwingine kuna tatizo jingine, watalitafuta, lakini kwanza mtoto asemeshwe, achezewe na watu, na vioo vizimwe. Turudi mwezi wa sita, tukiwa na hata neno moja.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Juzi umeme ulikatika. Mtoto alilia, halafu akashuka kwenye debe, akaenda nyuma ya televisheni kubwa, akainua kitambaa kinachoifunika, akawa anapekua huko nyuma, anatafuta. Alitafuta muda mrefu. Na jioni mimi nikiingia hanikimbilii, Mama. Ananitazama kama tangazo, halafu anarudi kwenye yale mengine.

Nakuomba usimwambie mwanao kwamba nimekuandikia. Tafadhali.

Mkweo.

&nbsp;

Tarehe 9 Machi

We mwenye kibao,

Nina habari zako. Nani kaniletea, simtaji. Nifunge kamba, nining'inize, simtaji. Mimi siri ikiingia humu imekufa, muulize Karani, na Karani ananitikisia kichwa sijui kwa nini. Nasema tu kwamba kadibodi ya shati inaandikika vizuri kuliko karatasi za dukani, na mwanamke aliyeiandika ana adabu kuliko mwanaume aliyemwoa. Yaishie hapo.

Saa moja! Umemwangalia nesi wa watu machoni, na kofia yake, na karatasi yake ya kumsaidia mwanao, ukamwambia saa moja. Ndugu yangu, nesi anakuuliza ili ajue pa kuanzia, wewe unamjibu kama umekamatwa na askari. Ulimdanganya nani pale? Nesi kesho amekusahau, ana watoto mia. Aliyedanganywa ameketi juu ya debe.

Nilikuwa nadhani nimezaa mjinga. Mjinga nisingekasirika, mjinga ni kazi ya Mungu. Wewe hukuwa unajua? Basi kwa nini ulisema saa moja, hukusema kumi? Mtu anayepunguza hesabu anaijua hesabu. Nimekudharau mpaka nimechoka, jana nimelala mchana, na mimi silali mchana, mara ya mwisho kulala mchana ilikuwa siku ile niliposhindiliwa sindano mbili kwa ajili ya jino, na daktari mwenyewe mikono inatetemeka... Karani ananiambia turudi.

Mpakie mume wangu kwenye lori la Breki, na mama yake amsindikize, anakuja kwangu. Nitamsemesha mimi. Niliwasemesha wa mhandisi, nitamshindwa wa damu yangu? Huna la kusema. Na hata kama unalo sitaki kulisikia.

Mama yako.

&nbsp;

Tarehe 16 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimekaa wiki tano bila kukujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Siri yako ilifika salama. Mke wangu hanisemeshi tangu siku hiyo, ananiwekea chakula na kuondoka. Sasa nyumbani kwetu wanaosema ni televisheni peke yake, utafurahi kusikia hivyo.

Kweli nilidanganya kliniki. Niliona aibu. Hilo umepata.

Lakini unanilaumu kwamba mtoto nimemwachia masanduku. Na mimi nikuulize swali moja, wewe mwenye maswali matatu. Mimi uliniachia nani?

Ulikuwa unatoka kabla jua halijachomoza kwenda kwa mhandisi. Unafunga mlango kwa nje. Unaweka redio juu ya kabati, unaniambia, "Watu hawa watakaa na wewe mpaka nirudi." Jioni unarudi sauti imekukauka, umewaimbia wanawe kutwa nzima. Mimi nilikuwa nabakiziwa "kula" na "lala." Leo ndiyo nasikia habari za viazi na beseni, na kungoja. Mimi sikuwahi kungojwa, Mama. Unashangaa kwamba nilifika miaka mitatu sijasema? Ningemwambia nani?

Ile hadithi ya redio umewachekesha watu nayo miaka thelathini. Hukuwahi kuniuliza kwa nini niliifungua. Sikuwa natafuta ufundi. Nilikuwa nawatafuta wale watu. Nilifungua kifuniko kwa kisu cha mezani, nikatoa waya mmoja mmoja, sikumkuta mtu. Halafu niliogopa. Sikuogopa kipigo. Niliogopa kwamba sasa nimebaki peke yangu kabisa, na jioni bado mbali.

Sasa niite mjinga tena.

Mwanao.

&nbsp;

Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa kwa Karani tangu asubuhi, kalamu yake imekauka mara mbili.

Nakuja Jumamosi na Breki. Nitalala popote.

Mama yako.

&nbsp;

Tarehe 30 Mei

Jirani yangu mpendwa,

Safari hii naandika maneno yangu mwenyewe, na naona ni magumu kidogo, sijazoea.

Kuku wako wazima. Paka amerudi, nadhani harufu ya dawa imeisha. Tangu uondoke kibaraza kimekuwa kimya mpaka nasikia saa yangu ya ukutani, ambayo sikujua kuwa ina mlio. Breki anasema hukumtuma neno lolote. Kwa mtu mwingine kimya ni kimya, kwako wewe nahofia ni ugonjwa. Mtafute mtu akuandikie. Mtoto anaendeleaje? Na fundi alikupokea vipi?

Jirani yako,
Karani.

&nbsp;

Tarehe 16 Juni

Karani, baba,

Anayeniandikia leo ni mkwe wangu. Ni Jumapili, kiwanda kimefungwa. Mwandiko wake utauona mdogo mdogo, ni mazoea ya vifungo. Ugonjwa uliouhofia sina. Nyonga ni ileile, na godoro la hapa lina bonde katikati, asubuhi natolewa kama gari kwenye matope. Sikukutumia neno kwa sababu nilikuwa sina. Cheka tu, hata mkwe anacheka.

Nilipofika, fundi alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, hakujua aishike au aiweke. Nami hotuba yangu yote niliyoitunga kwenye lori, Breki shahidi yangu, tangu saruji inapakiwa mpaka inashushwa naitunga, ikaniishia. Nikamwambia, "Nilidhani redio ni watu." Basi. Hakuna jingine lililotoka. Yeye akaangalia bisibisi, akasema, "Nilikuwa najua utarudi, Mama. Ni jioni tu ilikuwa mbali." Akaninyang'anya mfuko akauingiza ndani. Hatujarudia tena mazungumzo hayo na wewe usiniulize.

Sasa masanduku. Yale matano yakawa saba. Nikamwambia zima. Akasema Mama ni kazi za watu, lazima ziwake. Nikasema ziwake zikiangalia ukuta, zimekosa adabu zikae kona kama watoto watukutu. Akayageuza, akayakata sauti. Wateja wanaingia wanakuta televisheni zao zimenuna, wanauliza kuna nini, namwambia kila mmoja, hii yako imeletwa hospitali, mgonjwa hapaswi kuhubiri. Fundi sasa akitaka kujua kama kuna iliyozima anainuka kwenye kigoda chake, anatembea, anachungulia kwa macho yake mawili. Ananung'unika magoti. Mbili zilizima yeye hakuona, wenyewe wamezirudisha kwa matusi. Safi sana.

Mume wangu alilia siku tisa. Karani, nimesikia watoto wakilia, lakini ule haukuwa wa njaa wala wa tumbo. Alikuwa analia kwa kazi yake. Masanduku yamezima, analia, baba haji kuwasha. Analia zaidi. Alifundishwa kitu kimoja tu duniani, na sasa hakifanyi kazi. Nami niko naye pale sakafuni namwimbia, namfinyia jicho, namtolea ulimi, natoa kila kitu nilichowatolea wa mhandisi. Ananisogeza. Kama pazia, Karani. Mimi!

Siku ya kumi akaokota rimoti kwenye lile boksi la takataka za baba yake. Haina kifuniko, haina betri. Mimi nilikuwa katikati ya hadithi ya yule mbuzi aliyeingia sokoni, ile unayoijua, akanielekezea usoni akabonyeza. Nikaendelea. Akabonyeza tena. Akaipigapiga kiganjani kama baba yake afanyavyo, akaninyooshea mdomoni kabisa, akabonyeza kwa vidole gumba viwili.

Fundi alikuwa mlangoni ameona yote. Hakucheka, kuna siku ana akili. Na mimi nilitaka kumwaga matusi, nimelea watu wazima, leo nazimwa na kitu chenye nepi. Lakini nikamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama! Machoni. Kwa mara ya kwanza tangu nije. Amekunja uso kama fundi mbele ya kazi ngumu, anangoja aone hii mashine mbovu itafanyaje.

Nikafunga mdomo. Pap.

Uso wake, Karani, kama mtu amefungua dirisha. Akabonyeza. "Mbuzi akala kabichi!" Akabonyeza. Nikafunga. Akacheka, akaniwekea mkono hapa mdomoni kuhakikisha, halafu akageuka akamtazama baba yake, akaninyooshea kidole. Kidole, Karani! Ananionyesha. "Umeona hii?" ndivyo alivyosema, bila maneno. Fundi akakaa chini pale pale mlangoni, koili yake ya waya wa kulehemu ikabingirika mpaka chini ya kabati, na mpaka leo ipo huko.

Basi nikawa sanduku. Miaka yote nayadharau, mwisho nimekuwa mimi. Kitufe cha juu naimba, cha kati nalia kama ng'ombe, kile chekundu nalala na kukoroma. Baba yake naye akaomba zamu, ana kitufe chake, anafanya injini ya lori, vibaya. Mama yake jioni kabla hajavua viatu anabonyezwa, anacheza. Ijumaa moja mtoto alimkimbilia mlangoni na rimoti yake, na huyu anayeandika hapa alikaa kwenye ngazi akalia, na sasa anataka kuruka sentensi hii. Andika, binti yangu. Umeandika? Ameandika.

Lakini neno, hakuna. Na tarehe ya kliniki inakuja, nesi alisema hata moja. Nyumba nzima ikawa inamkaba. Fundi, "Sema baba." Huyu, "Sema maji, sema." Mimi, "Sema bibi, sema kiazi, sema mbuzi." Sema, sema, sema, asubuhi mpaka jioni. Mtoto anatutazama mmoja mmoja anabonyeza.

Ndipo nikakumbuka ulivyokohoa, Karani. Siku ile, kwenye ile barua, niliposema sanduku halingoji, lenyewe linajifurahisha kwa kusikia sauti yake. Vumbi, ulisema. Kibaraza chako unakifagia mara tatu kwa siku, vumbi lilitoka wapi? Nimekuelewa miezi minne baadaye. Ungeweza kuniambia. Lakini labda sikukupa nafasi.

Jumanne, siku moja kabla ya kliniki, nikaamka nikaamua kukaa kimya. Sikumpa mtu taarifa. Niliketi juu ya lile debe la rangi, nikafunga mdomo, nikaweka mikono mapajani. Fundi akapita, "Mama unaumwa?" Nikamwonyesha kwa mkono aende. Mtoto akaja na rimoti. Akabonyeza kitufe cha juu. Sikuimba. Cha kati. Kimya. Chekundu, cha buluu, vyote. Karani, hujui. Maneno yalikuwa yamenijaa mpaka kwenye masikio. Kulikuwa na inzi kwenye paja langu na nilikuwa na mengi ya kusema juu ya huyo inzi. Nikangoja. Akaipigapiga rimoti kiganjani. Nikangoja. Akazunguka nyuma ya debe, akainua kanga yangu kwa nyuma, akachungulia huko anatafuta waya. Nikangoja, machozi yananitoka. Maana nilijua anatafuta nini, na najua nani aliwahi kutafuta hivyo kwa kisu cha mezani, na sikuwepo.

Akarudi mbele. Akaiweka rimoti sakafuni, hakuitupa, aliiweka. Akanishika kidevu kwa mikono miwili, uso wake kwenye uso wangu, pumzi ya maziwa. Akasema:

"Sema."

Safi kabisa, kama mtu mzima. "Sema."

Fundi alikuwa ukumbini, anasema alisikia kutoka huko. Nesi kesho yake amelisikia kwa masikio yake, maana mtoto alimwendea akamwamrisha yeye pia. Nesi akasema ni neno moja tu, njia bado ndefu, turudi kila mwezi. Fundi mwenyewe akamwambia, "Dada, ile saa moja ilikuwa saa kumi na mbili." Nesi akakata, akaandika upya.

Karani, nina miaka sabini na ngapi sijui. Baba yangu alikuwa akiniambia nyamaza. Marehemu mume wangu, yule mkubwa, aliniambia nyamaza mpaka siku anakata roho. Mke wa mhandisi aliniambia nyamaza kwa adabu. Wewe unakohoa. Katika watu wote niliokutana nao chini ya jua, wa kwanza kunishika kidevu na kuniambia sema ni huyu.

Basi nikasema. Nilisema habari za yule inzi, nikamngoja, akanipa "nzi," nikapokea, nikampa mbuzi, na kabichi, na saruji, na ile nyonga, na... Mkwe wangu anasema mkono umekufa ganzi, na kadibodi imekwisha.

Mimi jirani yako, ninayengojea zamu yangu.